Angalizo la mvua kubwa wikiendi hii na mimi niko Kigogo bondeni, nihame siku mbili au nakuza mambo?

Mgeni_wa_Singida (Alhamisi, saa 8 mchana)

Wakuu habari za mchana, samahani uzi utakuwa mrefu kidogo. Tangu asubuhi kwenye magrupu kuna tangazo la TMA (Mamlaka ya Hali ya Hewa) linazunguka, angalizo la mvua kubwa Jumamosi na Jumapili ukanda wa pwani, Tanga, Dar, Pwani, Morogoro na visiwani Unguja na Pemba. Ramani imepakwa njano, chini wameandika uwezekano wa kutokea wastani, athari wastani, halafu ile sentensi yao ya "baadhi ya makazi kuzungukwa na maji". Sasa mimi hiyo wastani ndo inanichanganya. Wastani kwa nani? Mtu wa Mbezi Beach ghorofani na mimi niliyeko Kigogo kule chini tunapewa wastani moja?

Mimi Dar ni mgeni, nimehamishiwa huku kikazi mwezi wa kwanza nikitokea Singida, kwetu mvua ikipiga watu wanatoka nje kushukuru hawatoki kukimbia. Nimepanga vyumba viwili na sebule, kodi ya miezi sita nimeshatoa yote, ukifungua dirisha la nyuma unauona mto Msimbazi, kwa miguu ni kama hatua mia moja na kitu. Kabla sijalipa nilimuuliza mwenye nyumba kuhusu maji akaniambia "kijana hapa hayajawahi kufika, yanaishia kwenye ule mgomba". Nyumba imepakwa rangi mpya inanukia, nikaridhika.

Kinachonitia presha ni kwamba mke wangu ana wiki tatu tu tangu ajifungue, na mama mkwe anakuja kumwona mjukuu, basi linatoka Singida Jumamosi alfajiri atashuka stendi ya Magufuli kule Mbezi Luis jioni. Apu ya hali ya hewa kwenye simu yangu inaonyesha Jumamosi asilimia 40 na kawingu kenye kajua pembeni. Nimwamini nani? Vitu nihamishe au nivipandishe tu juu? Na mama mkwe nimwambie aahirishe? Naogopa ataniuliza kwa nini.

---

Bonge_la_Tabata

Mkuu relax. Mimi nimezaliwa mji huu, kila masika ni angalizo, tahadhari, angalizo, tahadhari. Wikiendi mbili zilizopita niliahirisha kipaimara cha mtoto, nikalipa faini ya ukumbi, apu ilikuwa inaonyesha radi siku nzima, jua liliwaka mpaka lami ikanukia. Na wale wanaokumbuka kimbunga Jobo mwaka 2021 watanielewa, tulijifungia ndani tumenunua mishumaa na mikate kama tunaingia vitani, kimbunga chenyewe kikaishiwa nguvu baharini tukapata manyunyu.

Pandisha godoro, lala. Mama mkwe aje ale samaki.

---

Mama_Twins

@Bonge_la_Tabata wewe uko Tabata juu barabarani hujui unachosema, naomba kwa heshima ukae pembeni kwanza.

@Mgeni_wa_Singida kaka, hongera kwa mtoto. Mimi nimekaa Kigogo miaka tisa, bondeni hukohuko, nilihama baada ya kuokoa wanangu wawili mmoja begani mmoja mgongoni. Kabla sijakwambia chochote nataka uniangalizie kitu kimoja hapo ndani kwako. Angalia soketi za ukutani. Ziko usawa gani? Ziko chini karibu na sakafu kama nyumba za watu wengine au ziko juu usawa wa kifua na bega?

Rangi mpya haisemi kitu kaka, rangi ya mwezi wa kumi na mbili ndo ya kuficha mstari wa maji. Ila fundi umeme hana sababu ya kudanganya.

---

Mgeni_wa_Singida

Dada nimetoka kazini mbio kuangalia. Ziko usawa wa bega. Zote. Hadi ya jikoni. Mimi nilidhani ni kwa ajili ya watoto wasichezee 😭

---

Mama_Twins

Haya.

Basi jibu la kwanza ni hilo, mzazi na mtoto wa wiki tatu hawalali hapo Ijumaa wala Jumamosi wala Jumapili. Watoke kesho mchana kukiwa kukavu na bajaji zinapatikana. Usisubiri uone maji, maji ya Msimbazi hayaji yanatembea, unasikia kwanza makelele ya watu wa kule juu halafu unasikia kama lori linamwaga kokoto, ukifungua mlango ni tope, majani, chupa, magodoro ya watu, na giza maana umeme unakuwa umekatika.

La pili, watu wote watakwambia viroba vya mchanga mlangoni. Sawa weka, ila kwetu maji hayakuingilia mlangoni. Yaliingilia chooni. Mimi nimesimama mlangoni na ndoo na fagio nalinda kama askari, mtoto ananiita "mama choo kinacheka", nikageuka naona kinabubujika kinatoa kila kitu. Kwa hiyo kiroba cha kwanza kabisa ni cha tundu la choo, kizito, funga na nailoni chini yake, na kingine kwenye tundu la bafuni. Ndo uje mlangoni. Viroba usijaze mpaka shingoni, jaza nusu au zaidi kidogo ili vikae bapa, pangilia kama fundi anavyopanga tofali, kiungo kisikae juu ya kiungo, na turubai kwa nje.

La tatu ni aibu lakini lazima niseme, kuna majirani mvua ikianza wanatapisha vyoo. Wanatoboa wanaachia yote iende na maji ili wasilipe gari la kunyonya. Kwa hiyo hayo maji sio maji, mtoto mchanga asiguswe nayo hata tone, na baada ya hapo maji ya kunywa chemsha hata kama ya bomba yanaonekana masafi. Kipindupindu hakina adabu.

---

Babu_wa_Feri

Nimesoma mote. Hamjambo wanangu.

Bwana mdogo wa Singida, wote wanatazama mbingu, mimi nakwambia tazama mwezi. Kesho Ijumaa mwezi unakuwa mpevu. Maana yake Jumamosi na Jumapili ni bamvua, siku bahari inapojaa kuliko kawaida, na bamvua huku kwetu bahari hujaa mnamo saa kumi, saa kumi na nusu, alfajiri na jioni vilevile. Tofauti ya kujaa na kupwa siku hizo hupita mita tatu, sio jambo dogo hilo.

Sasa Msimbazi unamwaga wapi? Unatoka huko vilima vya Pugu na Kisarawe, unapita Gongo la Mboto, Kinyerezi, Vingunguti, Kigogo, Jangwani, unaingia baharini pale daraja la Salenda. Bahari ikiwa imepwa mto unapata pa kwenda. Bahari ikiwa imejaa mdomo wa mto unakuwa kama chupa iliyotiwa kizibo, maji ya juu yanakuja na ya chini hayatoki, yatakwenda wapi kama si nyumbani kwako. Mvua ileile ikipiga wakati wa maji mafu, siku bahari haijai sana, unaweza usilowe hata kizingiti. Ikipiga Jumamosi usiku juu huko Pugu, ikafika kwenu alfajiri bahari ikiwa imejaa, hapo ndipo utamjua mwenye nyumba wako.

Kwa hiyo wewe usiulize "kwangu itanyesha?" Kwako isinyeshe hata tone na ukazama vilevile. Uliza Pugu kunanyesha, na uliza maji yanajaa saa ngapi. Tafuta mtu wa Gongo la Mboto umpigie simu.

---

Bonge_la_Tabata

Babu shikamoo. Hapo kwa mwezi sina neno. Ila bado nasema utabiri wa nchi hii ni kubahatisha.

---

Isobari

Nimesoma mambo ya hali ya hewa chuoni ingawa sasa hivi nauza vifaa vya umeme, maisha. Wacha niweke sawa vitu viwili vitatu maana huu mjadala unarudi kila masika.

Apu ya simu na angalizo la TMA ni vitu tofauti. Ile apu nyingi inachukua hesabu za kompyuta za dunia nzima, inakata nchi vipande vya kilomita kadhaa kwa kadhaa halafu inakupa namba ya kipande chako, hakuna mtu aliyekaa akafikiria Kigogo iko wapi. Na mawingu yetu ya mvua za radi ni madogo, yanaweza kumwaga Pugu saa zima na Posta watu wakala aiskrimu. Ndo maana asilimia 40 ikitoka jua usiseme imedanganya. Imekwambia mara kumi za hali kama hiyo, nne zitanyesha, na haijakwambia kiasi gani.

Matangazo yao yana rangi tatu. Njano ni angalizo, ya machungwa ni tahadhari, nyekundu ni tahadhari kubwa. Na rangi haitokani na wingi wa mvua peke yake, wanachanganya uwezekano wa kutokea na ukubwa wa athari. Wanaposema "mvua kubwa" sio neno la kupamba, ni mvua inayozidi milimita 50 ndani ya saa 24. Sasa milimita 50 mtu anaiona kama nusu kidole tu, lakini milimita moja ikianguka kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la nyumba yako hapo sijui ni mita ngapi, tuseme mita za mraba 100. Milimita 50 kwenye hilo paa ni lita 5,000, tenki kubwa lile jeusi limejaa. Hilo ni paa moja. Piga na mapaa yote ya Gongo la Mboto na Ukonga na Segerea, ambako zamani maji yalikuwa yanazama ardhini kwenye mikorosho, sasa hivi ni mabati, zege na pevingi, yote yanakimbilia mto uleule uliojaa mchanga na plastiki.

Ile mvua ya mafuriko ya 20 Desemba 2011 ilizidi milimita 150 kwa siku moja. Na ilikuwa vuli, sio masika, watu wanasahau. Zaidi ya watu 40 walikufa mji huu, baadhi ya waliokumbwa wakapelekwa viwanja vya Mabwepande.

@Bonge_la_Tabata umetaja Jobo ukaruka kimbunga Hidaya. Mei 2024, watu walewale walikuwa wanacheka "Jobo namba mbili", Mafia wakaezuliwa nyumba na barabara ya kwenda Lindi ikakatika kule Somanga mabasi yakalala njiani. Kimbunga kimoja kikiishiwa nguvu sio kwamba na kinachofuata kimekuahidi.

---

kijana_wa_bonde

Mimi niko hapahapa Kigogo mkuu tupo wote, nyumba ya ghorofa moja yenye geti la bluu. Ukitaka kupandisha friji na kabati kwetu juu sema, ila uje na watu wa kubeba, mgongo wangu sio wa serikali.

---

Mgeni_wa_Singida

@kijana_wa_bonde naijua hiyo nyumba! Mungu akubariki, nakuja kesho jioni.

@Babu_wa_Feri shikamoo babu, nashukuru sana, mimi nilikuwa sijui kama bahari na mto vinapangiana zamu.

Sasa mama mkwe wakuu. Bado.

---

Shangazi_Kimara

Marahaba kwa niaba ya babu 😂

Mama mkwe usimwahirishe, tiketi ameshakata na vyakula ameshafunga, wewe unamjua mama wa Kinyaturu akishafunga safari? Mwambie tu "mama, mtoto na mama yake wako Kimara kwa rafiki, utafikia huko, kutoka stendi ni karibu". Hujadanganya. Mbezi na Kimara ni pua na mdomo, kule Kigogo angefika usiku amechoka na mizigo.

Cha kwa nini utamwambia uso kwa uso akiwa ameshakula.

---

Njugush_wa_Eastlands

Niaje wasee, mimi ni wa hapo Nairobi lakini nasoma huku kila siku. Niongeze tu kimoja. Mwaka wa 2024, Aprili, hapa Mathare mto ulibeba manyumba usiku watu wakapanda kwa mabati. Na Mai Mahiu hiyo tarehe 29 ndio ilituvunja roho kabisa, maji yalikuwa yamejikusanya nyuma ya tuta la reli sababu kalavati ilikuwa imeziba, ikapasuka usiku watu wamelala, maji yote yakawashukia walio chini. Kwa hivyo huyu mzee wa mwezi anasema ukweli, usiangalie mvua yako angalia ya juu. Na kama kuna daraja ama kalavati imeziba takataka huko juu yako, hiyo si mto tena, hiyo ni dam bila mlinzi.

---

boda_wa_Magomeni

Kwa wenye mizunguko Jumamosi, Jangwani msitegemee. Ikijaa pale Morogoro Road inafungwa, mwendokasi inasimama, na daraja jipya ndo hivyo tunaliombea. Kutoka mjini kwenda Magomeni mtu anazungukia Salenda au Kawawa kupitia Karume na huko foleni inakuwa ya kulala.

Na madereva wa magari madogo naomba mnisikilize, mimi nimewavuta wengi. Maji yakifika goti usiingie. Unaona mwenzio wa Land Cruiser kapita unasema na mimi napita. Maji ya goti yanayokimbia yanainua gari dogo kama sufuria, na chini huoni kama lami bado ipo au imeondoka. Nilimtoa jamaa mmoja kupitia dirishani, gari lilikutwa kesho yake limekaa kichwa chini kwenye matete, redio bado inaimba. Siongezi chumvi. Redio bado inaimba.

---

Bonge_la_Tabata

Hiyo redio umeongeza.

---

boda_wa_Magomeni

Kidogo.

---

Fundi_Rashidi

Umeme. Hamjaongelea umeme. Ukitoka zima mein swichi, sio kuchomoa friji tu. Ukirudi usiwashe mpaka fundi afungue soketi na maboksi yote, tope linakaa ndani linaonekana limekauka kumbe bichi. Na mtungi wa gesi ufungwe ufungiwe kamba kwenye nondo ya dirisha, unaelea ule, unazunguka nyumbani unagonga ukuta kama mlevi.

Vyeti, kitambulisho cha NIDA, kadi ya kliniki ya mtoto, mkataba wa nyumba (mkataba hasa!!) weka kwenye mfuko wa nailoni mara mbili uende navyo. Kabati la mbao usipandishe juu ya tofali moja moja kila kona, likilowa linapinduka, panga tofali za inchi sita mstari mzima.

---

kwelikweli88

Mimi swali langu ni moja, nani kawaambia mjenge kwenye mto? Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inasema mita 60 kutoka kingo za mto. Hatua mia na kitu ni kama mita 70, jamaa kapona kwa mita kumi. Halafu tunalalamika.

---

Mama_Twins

@kwelikweli88 yeye kapanga, hajajenga. Na mto ule ulivyokuwa unamega kingo, hizo mita 60 za mwaka jana leo ni 50. Sisi tulikuwa na shamba la mchicha kati yetu na mto, nikaondoka mchicha haupo na uwanja wa watoto haupo. Watu wa chini waliolipwa na Mradi wa Bonde la Msimbazi wameondoka na nyumba zimevunjwa, wengine bado wanabishana na hesabu ya fidia, na kila nyumba ikivunjwa iliyokuwa ya pili kutoka mtoni inakuwa ya kwanza. Ndo hiyo aliyopewa huyu kaka, inang'aa rangi.

---

Mgeni_wa_Singida (Jumamosi, saa 2 usiku)

Wakuu mrejesho. Jana tumehamisha friji, godoro, tivi na kabati kwa @kijana_wa_bonde, mke na mtoto wako Kimara, mama mkwe kafika salama saa kumi na mbili jioni na kuku wawili wazima na debe la karanga. Viroba nimeweka, cha chooni nimeweka viwili.

Tatizo ni hili, mchana wote Kigogo kumenyesha nusu saa tu. Mawingu yametawanyika, nimepigiwa simu na jirani ananicheka anasema nimekimbia kivuli. Nyumba iko wazi haina mtu nawaza vibaka. Nataka nirudi nikalale kule mwenyewe, asubuhi nirudi Kimara. Mnasemaje?

---

Bonge_la_Tabata

Mimi huku Tabata nyota zinaonekana. Sisemi kitu. Nimeambiwa nikae pembeni.

---

Babu_wa_Feri

Mwanangu umempigia mtu wa Gongo la Mboto?

---

Mgeni_wa_Singida

Hapana babu.

---

mkazi_wa_GMboto

Niko hapa nasoma tu siku zote sijawahi kuchangia. Huku tangu saa kumi na mbili jioni inapiga haijapumzika, watu wa Ulongoni wameshaanza kubebana. Siwezi kusikia tivi kwa mabati.

---

Mama_Twins

Kaka usirudi. Mwibaji akitaka aibe viroba vyako vya mchanga.

---

kijana_wa_bonde (Jumapili, saa 11 alfajiri)

@Mgeni_wa_Singida usipige simu network inasumbua nakuandikia hapa. Maji yamekuja kama saa kumi kasoro. Hapa kwetu hakunyeshi, kuna ubaridi tu. Mto umepanda umepita mgomba, umepita ukuta, kwako yako usawa wa dirisha, mlango umesimama lakini sijui ndani. Yule jirani aliyekucheka tumemtoa na watoto wake wanne kwa ngazi, wako sebuleni kwetu hapa wamekaa kwenye godoro lako, utatusamehe. Zimamoto tumepiga 114 wamepokea, wako Mchikichini kwanza. Kuna friji la mtu limepita mtoni mlango wazi na taa ya ndani imezima bila shaka, lakini vyakula vipo tumeviona.

---

boda_wa_Magomeni

Jangwani imefungwa tayari. Nimesimama Magomeni Mapipa hapa, maji yako kwenye taa za barabarani zile fupi.

---

Bonge_la_Tabata

Ndugu yangu @Mgeni_wa_Singida pole. Nina pikapu, maji yakishuka nitakuja kusaidia kutoa tope, niambie tu saa. Sina maneno mengine.

---

Babu_wa_Feri

Bahari inaanza kupwa sasa hivi. Kufika saa nne asubuhi mtaona yanashuka kwa haraka. Msiingie ndani kabla, na mkiingia mgonge kwanza vitu kwa fimbo, nyoka nao walikuwa wanatafuta pa kulala.

---

Mgeni_wa_Singida (Jumatatu, saa 6 mchana)

Nimeweza kuingia jana alasiri, yalishuka kweli kama babu alivyosema. Mstari wa maji ukutani uko chini ya soketi kwa kama vidole vinne. Vidole vinne tu wakuu, yule fundi umeme sijui ni nani ila anajua hesabu kuliko mwenye nyumba. Choo hakikucheka, viroba vilikaa. Mlangoni ndo palipopita. Vilivyoondoka ni kapeti, gunia la mkaa ambalo nilisahau uani, na viatu vyangu vya kazi, kimoja kimepatikana. @Bonge_la_Tabata na pikapu yake na vijana wawili tumezoa tope mpaka saa mbili usiku, kaka yangu nakushukuru, na hukusema neno hata moja siku nzima nilishangaa. @Fundi_Rashidi nitakutafuta inboksi kuhusu soketi.

Mwenye nyumba nimempigia, kasema maji ya jana "sio ya kawaida" na kwamba akipata nafasi ataleta fundi rangi. Mkataba ninao, uko mkavu kwenye nailoni, miezi minne ya kodi bado iko kwake. Anayejua Baraza la Ardhi la Kata linashughulikia mambo haya au niende wapi aniambie, nitaanzisha uzi mwingine.

Mama mkwe nilimweleza Jumamosi usiku baada ya kula, kama shangazi alivyonielekeza. Hakusema chochote, akawa anasikiliza tu. Saa saba usiku mvua ikafika Kimara, ikapiga mabati kwa nguvu, mimi nimekaa na simu nasubiri habari za Kigogo moyo unadunda, nikasikia vyombo vinagongana jikoni. Nikatoka. Nimemkuta kafunga kanga kiunoni amepanga nje chini ya mchirizi ndoo, masufuria, beseni la kuogeshea mtoto, mpaka jagi la chai, ananiambia "njoo unisaidie baba, maji yote haya yanapotea".